Wasomaji Wanauliza: Kinanda kwa Mtoto Ambaye Hajafika Darasa la Kwanza

Barua nyingi zilizotufikia hivi karibuni kutoka Mwanza na visiwa vya jirani zinahusu jambo moja, nalo ni kuwaanzishia kinanda watoto wa miaka mitatu hadi sita. Tumechagua tano, na mwalimu wetu wa muziki amezijibu. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu ana miaka minne na nusu. Mjomba wake alimnunulia kinanda cha vibonye 61, nami nikamtafutia kijana anayepiga kinanda kwenye kwaya aje kumfundisha nyumbani. Kijana alianza kwa kumchorea mistari mitano na kumkaririsha majina ya nota. Mwanzoni mtoto alifurahi, lakini sasa akimwona mwalimu anaingia getini anajificha chumbani, na kinanda hataki hata kukigusa. Je, nilimwahi mno? Niache hadi aanze darasa la kwanza?
*Mama wa binti, Nyegezi*

Mama, hukumwahi. Umri wa binti yako hauna kasoro. Kilichokosewa ni mpangilio wa masomo. Mtoto wa miaka minne anaweza kuanza kinanda, lakini hawezi kukianza kwa kusoma nota. Hebu tazama anachoombwa kufanya: aangalie doa lililokaa juu ya mstari, atambue ni mstari wa ngapi, akumbuke jina lake, atafute kibonye chenye jina hilo miongoni mwa vibonye 61 vinavyofanana, achague kidole, ndipo abonyeze, na sauti inayotoka baada ya kazi yote hiyo haihusiani na wimbo wowote aliowahi kuuimba. Huyu ni mtoto ambaye pengine bado anaandika herufi za jina lake zikiwa zimegeuka. Kujificha kwake chumbani ni jibu la haki kabisa.

Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1998, alijenga ufundishaji wake wote juu ya jambo ambalo kila mzazi amelishuhudia: mtoto huongea lugha ya nyumbani kwa ufasaha miaka kadhaa kabla ya kuisoma, kwa sababu ameisikia kutwa kucha, na kwa sababu watu waliomzunguka humpokea kwa furaha kila anapotamka neno, hata akilikosea. Muziki, kwa maoni yake, ufuate njia hiyo hiyo. Mtoto husikiliza kwanza, siku nyingi, nyimbo zile zile atakazokuja kuzipiga. Mzazi huhudhuria masomo na kujifunza pamoja naye. Nota huja baadaye, vidole vikishazoea kulitii sikio. Mfumo huo ulianzia kwenye fidla, ukaenezwa hadi kwenye piano. Mimi siufuati wote, lakini kuhusu sikio kutangulia jicho sijaona sababu ya kuupinga.

Kwa hiyo mwombe mwalimu apumzike majuma mawili au matatu, kinanda kibaki wazi mahali mtoto anapopita, na wewe uanze na sauti yake. Chagua wimbo mfupi anaoupenda, uuimbe naye hadi auweze bila msaada. Angalia kimo cha sauti. Mtoto wa umri huu huimba kwa raha kuanzia re iliyo juu kidogo ya do ya katikati ya kinanda hadi la inayofuata hapo juu, ilhali akina mama waliozoea kuimba sauti ya pili kanisani mara nyingi huanzisha wimbo chini zaidi ya hapo, na akina baba chini zaidi bado, kiasi kwamba mtoto hunguruma tu akionekana hana sikio. Bonyeza hiyo re kwenye kinanda, yaani kibonye cheupe kilichokaa kati ya vyeusi viwili vya kundi la viwili lililo karibu na katikati ya kinanda, uipate kwa sauti yako, kisha anzisheni pamoja.

Akirudi kwenye kinanda kwa hiari yake, mwonyeshe vibonye vyeusi kabla ya vyeupe, kwa sababu vimekaa kwa makundi anayoweza kuyaona na kuyapapasa: viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena, hadi mwisho. Mwambie atafute makundi yote ya viwili. Utamwona akisogea na kigoda chake, kidole kikigusa na midomo ikihesabu, na atakapofika upande wa kulia kabisa atagundua mwenyewe kwamba sauti zimekuwa nyembamba. Usimwahi kumwambia, maana huo ni ugunduzi wake na ataukumbuka kwa sababu ni wake. Halafu kaa upande wa kushoto, ubonyeze kwa mapigo yaliyotulia kibonye cha kwanza cha kundi la vitatu pamoja na cha kwanza cha kundi la viwili kilicho upande wake wa kulia, na umwachie yeye vyeusi vyote vya juu avipige apendavyo. Vyeusi vinafanya ngazi ya sauti tano ambazo hazigombani, kwa hiyo chochote atakachopiga kitapatana na chako. Watoto wengi hutunga wimbo wao wa kwanza hapo, na wengine huuwekea maneno.

Baada ya hapo do inajitokeza bila kukaririshwa, kwa kuwa ni kibonye cheupe kilichoegemea kushoto mwa kila kundi la vyeusi viwili. Kuhusu vidole, asianze na vyote vitano. Kidole cha tatu, yaani cha kati, ndicho kirefu na kilichokaa katikati ya mkono, na walimu wengi huanza nacho peke yake: mkono unainuka ukiwa umelegea, unashuka kwa uzito wake, kidole kinasimama juu ya kibonye bila kubonyea kwenye pingili ya mwisho. Cha pili na cha nne hufuata, kisha dole gumba na kidole kidogo, ambacho kwa mtoto mdogo bado ni dhaifu na hakipaswi kulazimishwa.

Namna anavyokaa inahitaji uangalifu kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Viwiko viwe sawa na kimo cha vibonye, na miguu isining'inie, kwa sababu mtoto ambaye miguu yake haikanyagi kitu hujishikilia kwa mabega, na mabega yakikaza mkono wote unakaza. Kreti la soda lililopinduliwa chini ya miguu linatosha, na mto mgumu juu ya kiti utampandisha. Kinanda kisiwekwe sakafuni wala kitandani.

Muda uwe dakika tano, pengine kumi, mara mbili kwa siku, na uishe kabla hajachoka. Akiwa katikati ya furaha na wewe ukafunga, kesho ataanza mwenyewe. Ukae karibu naye kila mara. Mtoto wa miaka minne aliyeambiwa "nenda kafanye mazoezi" huku mama yuko jikoni hajafundishwa, ametumwa.

Kijana wa kwaya usimfukuze. Anayo elimu ambayo binti yako anaihitaji, isipokuwa ameanzia kwenye karatasi. Ile solfa ambayo kwaya zetu huiandika kwa herufi d, r, m, f, s, l, t ilienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria aliyeishi kati ya mwaka 1882 na 1967, aliitumia pamoja na ishara zake za mikono alipotaka watoto wa nchi yake wajue muziki kwa kuimba kabla ya kushika chombo chochote. Mwambie mwalimu aache mistari mitano kwa sasa, amwimbishe mtoto so na mi, kisha la, kwa ishara za mikono, ndipo wazitafute sauti hizo kwenye kinanda. Mistari itarudi mtoto atakapokuwa anapiga nyimbo kadhaa kwa kusikia, kwa kila mkono, na anapoweza kukuambia bila kubahatisha kwamba wimbo unapanda au unashuka. Kwa mtoto mmoja hiyo huwa miaka mitano na nusu, kwa mwingine saba, na anayechelewa hana upungufu wowote.

Ndugu Mwalimu, nataka kumnunulia mwanangu wa miaka mitano chombo cha kujifunzia. Kuna familia inayohama hapa mjini inauza piano ya mbao kwa bei ninayoweza kuimudu, na fundi seremala anasema ni imara. Wengine wananiambia ninunue kinanda cha umeme, na dukani nimeona vile vidogo vya watoto ambavyo ni rahisi zaidi. Umeme wetu unakatika. Nifanyeje?
*Baba, Igoma*

Ndugu yangu, vile vidogo vya watoto viache. Vibonye vyake ni vyembamba kuliko vya kawaida na mara nyingi sauti zake hazipo mahali pake, na sikio la mtoto likizoea do iliyopotoka litaichukua kuwa ndiyo do. Nenda dukani na rula: vibonye vyeupe saba vilivyopangana viwe na upana wa sentimita 16 na nusu hivi. Vikipungua hapo waziwazi, ni mchezo wa kuchezea.

Piano ya mbao ni chombo cha ajabu, na mtoto akiipata iliyo nzima amebahatika, kwa sababu nguvu ya kidole chake inageuka moja kwa moja kuwa nguvu ya sauti, jambo ambalo Bartolomeo Cristofori alilitafuta huko Italia alipobuni chombo hiki mnamo mwaka 1700. Lakini kabla hujatoa fedha, elewa unachonunua. Ndani yake mna nyuzi 220 hadi 230 hivi zilizovutwa kwa nguvu ambayo kwa jumla yake hufikia tani 18 na zaidi, na mvutano huo wote hubebwa na fremu ya chuma, wakati vigingi vinavyozishikilia nyuzi vimechomekwa kwenye mbao. Hewa yetu ya ziwani hujaa unyevu wakati wa mvua, kisha hukauka kuanzia Juni hadi Septemba. Ubao wa sauti huvimba na kusinyaa, na nyuzi hupanda na kushuka pamoja nao. Piano inahitaji kutyuniwa mara mbili kwa mwaka, na fundi wa kazi hiyo siye seremala. Seremala anaweza kukuhakikishia kuwa kabati haijaliwa na mchwa, akaishia hapo. Kwanza tafuta fundi wa piano atakayekubali kuja na ukubaliane naye gharama; aje na ufunguo wake ajaribu kama vigingi bado vinashika, maana vikilegea piano haitadumu na sauti yake hata wiki. Piga kila kibonye, kimoja kimoja, vyote 88, ukisikiliza kinachokwama na kinacholia mara mbili. Usipompata fundi, usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Kwa nyumba nyingi za Mwanza ninapendekeza kinanda cha umeme chenye vibonye 61 vya upana kamili, ambavyo sauti yake inaongezeka kadiri kidole kinavyobonyeza kwa nguvu. Sharti hilo la pili ndilo wauzaji hulipita haraka. Bonyeza kibonye kimoja taratibu, kisha kwa nguvu, mbele ya muuzaji. Sauti isipobadilika, mtoto hatajifunza kamwe kwamba muziki una kunong'ona na kupaza. Hakikisha pia kina nafasi ya betri, kwa kuwa aina nyingi hufanya kazi kwa betri sita, na ukichomoe kwenye umeme wa ukutani mvua ya radi inapokaribia. Nunua na stendi. Midundo iliyomo ndani, ile inayojipiga yenyewe, mwombe mtoto mwaka wa kwanza asiitumie wakati wa somo, kwa sababu mapigo lazima yakae ndani ya mwili wake kwanza.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha darasa la awali Ilemela. Nina watoto 38, na shule imepewa kinanda kimoja. Mwalimu mkuu anataka kila mtoto "ajue kinanda" ifikapo mwisho wa mwaka. Nikiwapanga mstari kila mmoja anapata nusu dakika na wengine 37 wanapigana. Nifanye nini?
*Mwalimu wa awali, Ilemela*

Mwalimu mwenzangu, kazi uliyopewa ni kubwa, lakini inawezekana ikiwa utakubali kwamba sehemu kubwa ya somo la kinanda hufanyika mbali na kinanda. Émile Jaques-Dalcroze, Mswisi aliyefundisha wanamuziki watu wazima mwishoni mwa karne ya 19, aliwakuta wanafunzi wake wanapiga nota sahihi bila kuyahisi mapigo, akaanza kuwatembeza, kuwarukisha na kuwasimamisha kwa muziki. Carl Orff huko Ujerumani alianza na maneno, makofi na ngoma. Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta hayo. Mtoto wa Kisukuma aliyewahi kutazama bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka pamoja na ngoma, ameona mapigo kwa macho yake. Anza hapo: watembee kwa pigo la ngoma yako, ngoma ikinyamaza wagande, ikienda mbio waende mbio. Wapige makofi ya majina yao, kila silabi kofi moja. Fanya hivyo kila siku kabla ya jambo lolote lingine.

Kisha chukua chaki, chora kinanda sakafuni, kikubwa, kibonye kimoja kiwe na upana wa hatua ya mtoto. Oktavu moja inatosha: vyeupe vinane kutoka do hadi do, na vyeusi vyake vitano vilivyopakwa mkaa. Nimeona darasa likinyamaza kabisa wakati mtoto mmoja amesimama juu ya do, mwalimu anapiga do kwenye kinanda halisi, kisha re, na mtoto anainua mguu, anasita, anaangalia kulia na kushoto, halafu anakanyaga re. Wenzake 37 wanajifunza kwa kumtazama, kwa kuwa kila mmoja ameshachagua moyoni pale ambapo yeye angekanyaga. Geuza mchezo: mtoto aruke kwenye chaki, na mwingine aliyeketi kwenye kinanda apige kibonye anachokanyaga mwenzake. Hapo una watoto wawili wanaopiga na wengine wanaoimba kile kinachopigwa.

Kwenye kinanda chenyewe waite wawili wawili, kila siku jozi nne au tano, wakati wenzao wanaimba. Mmoja apige do peke yake kwa mapigo ya wimbo, mwingine atafute so. Sauti hizo mbili, zikipigwa kwa zamu bila kuvunja mapigo, zinatosha kusindikiza nyimbo nyingi fupi za watoto, na mtoto anayefanya hivyo anapiga kinanda kweli, ingawa ni kwa kidole kimoja. Weka daftari la zamu ili asiwepo anayesahaulika. Wale wapole wanaokaa nyuma ndio husahaulika.

Kwa mwalimu mkuu, mwambie mapema utakachomwonyesha mwisho wa mwaka: darasa zima linaloimba kwa kimo kimoja, linaloshika mapigo bila kukimbia, na kila mtoto anayeweza kutafuta do yoyote kwenye kinanda bila kuelekezwa. Asitegemee tamasha la watoto 38 wanaopiga nyimbo kwa mikono miwili. Ukiahidi hilo utalazimika kuwachagua watatu wenye vinanda nyumbani na kuwaacha wengine.

Mwalimu, mwanangu ana miaka mitano na anapiga nyimbo tatu kwa mikono miwili. Nimesikia kuna mitihani ya muziki ya kimataifa. Nimsajili lini?
*Mzazi, Buzuruga*

Ndugu mzazi, hongera kwa kazi uliyoifanya naye. Bodi ya Uingereza inayojulikana kama ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889, ina madaraja manane, na chini yake daraja la awali. Haijaweka umri wa chini wa kuanza. Hata hivyo mtihani huwa na vipande vilivyopangwa, na mtoto wa miaka mitano anayeandaliwa kwa ajili yake mara nyingi hupiga vipande vitatu vile vile kwa miezi mingi, mpaka avichukie. Ningesubiri hadi awe na nyimbo ishirini au zaidi anazozipiga kwa raha na anasoma nota mwenyewe. Kwa sasa mpeleke apige mbele ya babu na bibi.

Mwalimu, mimi ni bibi, nalea mjukuu wa miaka minne. Anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Anapenda sana kinanda cha kanisani, na mpiga kinanda ameahidi kumfundisha, ila watu wananiambia nimzoeze kwanza mkono wa kulia, la sivyo hataweza. Ni kweli?
*Bibi, Nansio, Ukerewe*

Bibi, shikamoo. Si kweli, na nakuomba mkono wake usiufunge wala usiupige. Kinanda hutumia mikono yote miwili tangu mwanzo, na vidole huhesabiwa kwa namna moja pande zote: dole gumba ni la kwanza na kidole kidogo ni cha tano, kwa kushoto na kwa kulia. Mkono wa kushoto ndio unaoshika sauti nzito zinazobeba wimbo wote, na watoto wengi wanaotumia kulia huhangaika nao kwa muda mrefu. Mjukuu wako atakuja na mkono huo ukiwa tayari una nguvu. Mwambie mpiga kinanda kwamba kwa miezi ya mwanzo kila wimbo mpya mtoto aujaribu kwanza kwa kushoto, kisha auhamishie kulia, na amruhusu kukaa karibu naye wakati wa mazoezi ya kwaya, mahali anapoona mikono vizuri.